MUULIZE ANKO: Mwanangu kazibwa na theluji Buffalo, simu hapokei

Wiki hii barua karibu zote zimekuja na theluji, najua ni zile video mnazotumiana kwenye magrupu, gari limefukiwa limebaki antena tu juu. Nimechambua, zile za "Anko nitumie nauli" nimeziweka pembeni kama kawaida yangu, zimebaki tano. Kwa wageni wa ukurasa huu, Anko kakaa Chicago miaka mingi akizoa theluji za watu kwa chepe kabla hajarudi kupanga zake Sinza, kwa hiyo leo siongei ya kusimuliwa.

Anko habari za leo. Mwanangu wa kiume yuko Marekani mji unaitwa Buffalo, anakaa fleti ghorofa ya nne. Toka juzi anasema hawezi kutoka nje eti theluji, hata dukani hawezi, nikamuuliza duka lenyewe liko wapi akasema dakika tano kwa miguu. Sasa Anko dakika tano mtu mzima anashindwa? Mimi nimepita kwenye maji ya kiunoni hapa hapa Mbagala na mtoto mgongoni. Afu umeme ukakatika kwake, nikamwambia baba tafuta hata jiko la mkaa uweke chumbani upate joto, akasema sawa mama, toka hapo simu hapokei. Dada yake anasema labda kashikwa na polisi anatuficha. Sili silali. Mama wa Mbagala Rangi Tatu.

Pole sana mama yangu. Naanza na hilo jiko kabla ya yote, maana hayo mengine yanasubiri. Ukimpata hewani hata kwa sekunde kumi usimuulize kala nini, mwambie mkaa usiwashe ndani, kama umewasha zima toka humo chumbani fungua dirisha hata kama baridi inaingia. Mkaa unatoa hewa inaitwa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, moshi ukiisha mtu anajiona yuko salama kumbe ndo inajaa, kichwa kinaanza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, na huo usingizi watu hawaamki. Kwetu tu na madirisha yetu ya nondo na nyavu, upepo unapita mpaka unapeperusha pazia, bado kila msimu wa baridi tunasikia Mbeya au Njombe familia imelala na jiko haikuamka. Sasa fleti ya kule imezibwa kila upenyo makusudi ili joto lisitoke, humo jiko ni kaburi. Jenereta vilevile, na jiko la kuchomea nyama vilevile. Kama jiko lake ni la gesi na linawaka kwa kiberiti apike chai yake azime, asiliache linawaka ili apate joto.

Sasa hizo dakika tano. Mama, siyo kwamba mwanao mvivu. Ile mnayoona kwenye video theluji inashuka taratibu watoto wanacheza, hiyo watu wanaenda nayo kazini kama kawaida. Yeye kakutwa na dhoruba, na watu wa hali ya hewa wa Marekani wana kipimo chao, upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, huoni mbele kufika mita 400, na hali hiyo idumu saa tatu au zaidi, hapo ndo wanaiita kwa jina lake, "blizzard". Ukiwa humo ndani yake sio kwamba unaona vibaya, huoni kabisa, unanyoosha mkono unapotea, chini mweupe, juu mweupe, ukuta wa jirani mweupe, mtu anatoka mlangoni anazunguka anashindwa kurudi kwenye mlango huo huo. Na upepo unaisukuma theluji inajikusanya upande mmoja, kona hii ya mtaa lami inaonekana, kona ile imefika usawa wa dirisha la ghorofa ya chini, na mlango unaofungukia nje hausukumiki.

Na Buffalo ndo kwenyewe hasa. Uko mwisho wa Ziwa Erie upande wa mashariki, sasa ziwa likiwa bado halijaganda maji yana joto kidogo kuliko hewa, upepo wa baridi unakuja unapita urefu wote wa ziwa unazoa unyevu, ukifika nchi kavu unaumwaga wote pale pale. Desemba 2022, kuanzia tarehe 23, ilipiga hivyo siku za Krismasi, hali ya dhoruba ikakaa saa 37 bila kukatika, uwanja wa ndege ukapimwa zaidi ya mita moja na robo ya theluji. Walikufa zaidi ya watu 40 mji ule na wilaya yake. Na nataka usikie walivyokufa maana ndo jibu la swali lako: wengine walikwama kwenye magari, wengine walitoka kwa miguu, wengine nyumba zilikosa joto, wengine waliugua wakapiga simu na gari la wagonjwa likashindwa kufika kwa sababu lenyewe limekwama. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuendesha gari. Kwa hiyo huyo kijana anayekwambia "mama siwezi kwenda dukani" ana akili, mshukuru. Maji ya Mbagala ni hatari kweli, yanabeba mtu, ila yakikulowesha ukatoka unakauka. Kule ukilowa kwenye upepo ule vidole vinaweza kufa ndani ya nusu saa, hata vikakatwa.

Simu, mama, usimsikilize dada yake. Umeme umekatika, chaji inaisha, anayejua anazima simu anawasha mara moja moja. Afu angalia saa zako, kipindi hiki wako nyuma yetu saa nane, ukimpigia saa nne asubuhi baada ya kumaliza kufagia kule ni saa nane ya usiku. Piga ukiamka saa kumi na mbili, kwake ni saa nne usiku bado hajalala, au usiku wetu saa tatu, kwake mchana saa saba. Mwandikie ujumbe wa maneno, usimtumie voisi ya dakika sita inamla chaji. Mwambie ahamie chumba kimoja kidogo, aweke taulo chini ya mlango, mapazia yafungwe, avae nguo juu ya nguo nyembamba nyembamba sio koti moja zito, na bomba la maji aliache lidondoshe kidogo kidogo lisigande. Friji asilifungue fungue, likifungwa chakula kinakaa salama kama saa nne, na friza iliyojaa inafika saa 48. Na kama ana majirani akawagongee mlango. Najua Marekani mtu anakaa miaka na jirani hamjui jina, ila siku ya dhoruba wanafunguliana. Hiyo hiyo ya 2022, pale Cheektowaga nje kidogo ya Buffalo, kuna fundi magari alikwama barabarani, akavunja dirisha la shule akaingia, akaanza kutoka kwenda kuchukua wengine waliokwama kwenye magari, wakafika zaidi ya ishirini humo ndani, wazee kwa watoto, wakala chakula cha jikoni cha shule. Wakati wa kuondoka akaacha barua ya kuomba radhi kwa dirisha na kwa chakula. Polisi wakamtafuta kweli, wamshukuru.

Kama mpaka kesho kimya, tafuta jumuiya ya Watanzania walioko jimbo la New York, wana magrupu yao, mtu wa Buffalo hiyo hiyo anaweza kupiga polisi wa pale wakaenda kumgongea. Hilo ni jambo la kawaida kule, sio kesi.

Anko mambo, mimi nipo Kijitonyama. Mchumba wangu yuko New York, ananiambia wamefungiwa na theluji ndani ya apatimenti, nikampigia vidio nikamkuta kavaa singlendi na dirisha liko wazi! Nje nikaona kweupe kabisa. Anasema ndani kuna joto sana. Hivi Anko mimi mtoto wa Dar anaona nimezaliwa jana? Na kuna sauti ya mwanamke nimesikia kikohozi.

Poa dada. La dirisha jamaa hakudanganyi. Majengo ya zamani ya New York yana rejeta za ukutani, machuma makubwa yanapita mvuke kutoka boila moja huko chini kwenye besimenti, na mpangaji hana swichi yake, mwenye nyumba akiwasha wote mnaiva. Mafundi wa mitambo hiyo wanasema mingi ilifungwa baada ya ile homa kubwa ya 1918, watu walikuwa wanaambiwa walale madirisha wazi wapate hewa safi, kwa hiyo boila zikawekwa za nguvu kupita kiasi makusudi. Na sheria ya jiji inambana mwenye nyumba, kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 31 Mei, mchana nje kukishuka chini ya nyuzi 13 ndani lazima kufike 20, na usiku isishuke 17. Mpangaji akilala na baridi anapiga simu 311 anashtaki. Kwa hiyo singlendi nimemtetea.

Kikohozi sina utaalamu nacho. New York kodi ni kali, watu wanapanga fleti moja watatu wanne wasiojuana, inawezekana ni mwenzie wa chumba cha pili. Muulize, na umuulize leo theluji ikiwa bado nje, maana hana pa kukimbilia.

Anko tuko kijiweni Tabata Segerea tunabishana mpaka tumeweka hela. Mimi nasema mtu akifungiwa na theluji hafi kiu, anafungua dirisha anachota anachemsha, maji ya bure. Jamaa anasema haiwezekani, na pia anasema eti mabomba ya ndani ya nyumba yanapasuka kwa baridi. Chuma kinapasukaje kwa baridi? Amua.

Hela igawaneni. Kuchota inawezekana, ila bwana hesabu yake inachosha, theluji mpya ni hewa tupu, ndoo ya lita kumi ukiyeyusha unapata kama lita moja, sasa uchemshe ndoo ngapi na gesi kiasi gani. Afu theluji ya mjini imeshuka na vumbi na moshi wa magari, chota iliyo safi uichemshe vizuri, ile ya pembeni ya barabara ina chumvi na mafuta na mambo ya mbwa, na kuchemsha hakuondoi chumvi wala mafuta, hiyo iacheni ya kuflashia choo. Na isiliwe mbichi ukiwa unatetemeka, mwili unatumia joto lake kuiyeyusha, unazidi kupoa. Wajanja siku ya tangazo wanajaza ndoo na masufuria kutoka bombani kabla haijafika.

La mabomba, jamaa yako kashinda. Ushawahi kusahau soda kwenye friza ya mangi? Chupa inapasuka, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka, karibu asilimia 9. Ndani ya bomba lililopita ukuta wa nje ni hivyo hivyo, yanaganda yanasukuma mpaka bomba linachanika, na kibaya hulijui siku hiyo maana barafu imeziba ufa. Unalijua siku jua likitoka, barafu inayeyuka, maji yanaanza kutiririka kutoka dari ya jirani wa chini na jirani yuko mlangoni kwako na hasira zake. Kule wanaacha bomba linadondosha usiku kucha, na milango ya kabati chini ya sinki wazi ili joto la chumba lifike.

Mimi mzee wa Magomeni. Jangwani ikijaa maji mwendokasi inasimama na sisi tunalaumu serikali, kila mtu anasema Ulaya na Marekani haya hayapo. Sasa mbona na wao wanafungiwa ndani? Hela wanazo, mitambo wanayo.

Shikamoo mzee wangu. Wanayo, na wanashindwa hivyo hivyo, ila tofauti iko kwenye nini kinafuata baadaye, na hapo nina kisa nakipenda sana.

Mitambo kwanza. Kuna malori yana jembe la chuma mbele yanasukuma theluji pembeni na nyuma yanamwaga chumvi, chumvi ya mawe kabisa, ukiona milima yao ya chumvi mabwawa yetu ya Kunduchi utayaonea huruma. Chumvi inafanya barafu iyeyuke hata chini ya sifuri, lakini baridi ikishuka nyuzi kumi chini ya sifuri na zaidi inaanza kuchoka. Na lori lenyewe likikuta magari yamekwama katikati ya barabara halipiti. Chicago, Februari 2011, barabara ya kando ya ziwa inayoitwa Lake Shore Drive, mamia ya magari yalikwama na watu ndani usiku, theluji imefika kwenye vioo, mpaka zimamoto wakawatoa kwa miguu. Barabara hiyo ni katikati ya jiji, maghorofa yanaonekana pale pale, taa zinawaka.

Sasa kisa. Januari 1979 Chicago ilipata kama nusu mita ya theluji wikiendi moja, juu ya ile ambayo ilikuwa bado haijaondoka. Meya alikuwa Michael Bilandic, mtu wa chama kilichokuwa kinashinda miaka nenda rudi, hakuna aliyemdhania kuanguka. Anatangaza maeneo ya kupaki yamesafishwa, watu wanaenda wanayakuta yamejaa theluji. Treni zikawa zinaharibika, kupunguza msongamano wakaamua zipitilize baadhi ya vituo, na vituo vyenyewe vikawa vya mitaa ya watu weusi, mtu anasimama kwenye baridi anaona treni inampita. Tarehe 27 Februari mwaka huo huo kura za maoni za chama zikapigwa, na wale wa vituo vilivyorukwa walikuwa hawajasahau. Akashindwa na mwanamama Jane Byrne, ambaye Aprili akawa meya wa kwanza mwanamke wa jiji lile. Toka hapo hakuna meya wa Chicago anayeichezea theluji, utabiri ukitoka tu malori yanapangwa. Kwa hiyo mzee, kujaa kunajaa kila mahali. Ya Jangwani mimi sisemi zaidi, mhariri ananiangalia.

Anko inakuwaje. Nimepata chuo Chicago, naripoti Januari. Nitakaa apatimenti na wabongo wenzangu. Nibebe nini kwa ajili ya hiyo theluji? Bi mkubwa ananilazimisha nibebe blanketi tatu na sembe kilo ishirini. Dogo wa Ubungo Kibangu.

Hongera dogo. Blanketi moja kwa ajili ya kumridhisha bi mkubwa, basi. Koti na buti nunua kule kule, kuna maduka ya mitumba makubwa tu, koti la Karume unaloliona zito hapa kule ni la Oktoba. Cha kubeba ni soksi nyingi na nguo za ndani za kubana, hizo unazivaa chini ya kila kitu.

Mkifika kwenye fleti, siku ya kwanza kabla hujapost picha, angalia kama kuna kile kidude cha kengele ya kaboni monoksaidi ukutani na bonyeza uone kinalia. Sababu nshamwambia mama wa Mbagala hapo juu. Afu mjue msimamizi wa jengo ni nani na namba yake, hita ikifa saa tisa usiku ndo utamkumbuka. Simu itakutumia tahadhari ya dhoruba mapema, na siku ya tangazo nenda dukani asubuhi, jioni utakuta rafu za mkate na maziwa tupu, wamarekani sijui wana nini na mkate na maziwa, kila dhoruba ni hivyo, sisi tulikuwa tunapita kwenye mchele na maharage tunavikuta vimejaa. Chukua vya kukaa siku tatu nne, maji, mishumaa hapana, tochi, powabenki, dawa kama unatumia. Ndani mkifungiwa watu wanne kwa siku tatu mtagombana, nakwambia mapema, na sababu itakuwa sufuria. Pangeni zamu ya vyombo kabla haijaanza kudondoka. Na mshangao mwingine, Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, Januari kidogo afadhali, giza hilo linalemea watu, ukiona unalala sana na huna hamu ya kitu waambie wenzio, vyuo vina washauri wa bure.

Ukiwa na gari, kabla hujawasha asubuhi futa theluji kwenye ekzosi, ikiziba ile hewa inarudi ndani ya gari. Na kitu kimoja cha Chicago, ukikuta nafasi ya kupaki imechotwa theluji safi na pale katikati pana kiti kibovu cha plastiki au meza ya kupigia pasi, usikiondoe. Mtu kaipigia chepe nafasi hiyo saa mbili na ameiwekea kiti, sheria haimtambui ila mtaa mzima unamtambua, wewe mgeni ukikisogeza ukapaki asubuhi utakuta matairi hayana upepo au gari limemwagiwa maji yakagandia mlangoni. Wabongo mnaoweka mawe na tairi mbele ya maduka Kariakoo mtajisikia nyumbani.

Sembe, mwambie bi mkubwa iko, maduka ya Waafrika yanauza na hata maduka ya Wameksiko yana unga wa mahindi, sio ule ule ila ukikaza mkono unashika. Kilo ishirini zitakula begi lote na uwanja wa ndege watakufungulia. Beba mwiko, dogo. Mwiko wa maana kule sijauona.